Usiuze Chaja ya Laptopu kwa Jina, Uza kwa Namba

Leo naongea na wewe unayeuza vifaa vya kompyuta kwa Instagram, Facebook au WhatsApp, na hasa wewe unayegusa chaja za laptopu. Lazima umewahi kupata ile meseji: "Mambo, chaja ya HP ipo? Bei gani?" Na kwa haraka ya kutopoteza mteja unajibu, "Ipo bosi, 35,000, uko wapi tukutumie?"

Hasara inaanzia hapo. Mteja hajakosea kitu, yeye anachojua ni kwamba laptopu yake imeandikwa HP, basi. Lakini "chaja ya HP" sio bidhaa moja. Ni sawa na mtu akuulize "viatu vya Bata vipo?" halafu ukafunga mzigo bila kuuliza anavaa namba ngapi.

Tupige hesabu kidogo. Tuseme chaja umeinunua 25,000 ukaiuza 35,000. Faida ni 10,000. Boda ya kupeleka mteja kalipa mwenyewe. Kesho yake anakupigia, chaja inaingia lakini haichaji. Boda ya kuirudisha ni 5,000, ya kupeleka nyingine ni 5,000, na zote zinatoka mfukoni kwako. Faida imeisha na kazi umeifanya mara mbili. Kama mteja yuko mkoani na mzigo ulipanda basi, ndio kabisa. Na akishaandika kwenye posti yako "huyu muuzaji tapeli", hilo neno hakuna boda anayeweza kulirudisha.

Mimi sijasomea umeme. Nimeishia kidato cha nne, na haya nimejifunza pale pale dukani kwa kusoma stika na kukaa karibu na mafundi. Kwa hiyo usiogope, hesabu yake ni ya kuzidisha tu na simu yako ina kikokotoo. Twende taratibu.

1. STIKA YA CHAJA INASEMA KILA KITU

Geuza chaja yoyote ya laptopu, utaona sehemu mbili zimeandikwa INPUT na OUTPUT.

INPUT ni umeme unaoingia kutoka ukutani. Nyingi zimeandikwa 100-240V, 50/60Hz. Umeme wetu Tanzania ni volti 230, kwa hiyo hapo hakuna shida. Tatizo ni kwamba wateja wengi wakiombwa picha ya stika wanapiga sehemu hii. Haikusaidii kuchagua chaja.

OUTPUT ndio umeme unaotoka kwenda kwenye laptopu. Hapa utaona kitu kama 19.5V na 3.34A. V ni volti, A ni ampea. Zidisha volti kwa ampea unapata wati. Yaani 19.5 mara 3.34 ni 65.13, hiyo ndio chaja ya wati 65.

Hizi hapa utakutana nazo sana. Iandike kwenye daftari:

- 19.5V na 2.31A = wati 45
- 19.5V na 3.34A = wati 65
- 19.5V na 4.62A = wati 90
- 19.5V na 6.7A = wati 130
- 20V na 2.25A = wati 45
- 20V na 3.25A = wati 65
- 20V na 4.5A = wati 90
- 19V na 3.42A = wati 65
- 18.5V na 3.5A = wati 65

Zile za 19.5 utaziona sana kwa Dell na HP. Za 20 ni Lenovo. Za 19 ni kina Acer, Asus na Toshiba. Ya 18.5 ni HP za zamani. Lakini usikariri kwa jina la kampuni, soma stika iliyo mbele yako.

2. KANUNI NI TATU TU

Volti zilingane. Wati zisipungue. Pini iwe ya laptopu yenyewe.

Hapa kwenye wati ndio kuna uvumi mwingi. Utasikia mteja anasema, "Hapana, hiyo ya 90 ni kubwa, itaniunguzia laptopu." Mwambie hivi: soketi yako ya ukutani inaendesha pasi, na soketi hiyo hiyo unachomeka chaja ya simu. Je, simu inaungua kwa sababu soketi inaweza kubeba pasi? Haiungui, maana kifaa kinavuta kiasi kinachohitaji. Laptopu nayo ni hivyo. Laptopu ya wati 65 ikipewa chaja ya wati 90, volti zikiwa zilezile na pini ileile, itavuta chake na kuacha kingine. Haiharibiki.

Kinachoharibu ni volti kuzidi. Volti ndizo zinazosukuma umeme, na laptopu hailetewi uchaguzi hapo, inapokea inachosukumiwa. Zikitofautiana kwa nusu volti, mfano 19 na 19.5, laptopu nyingi zinavumilia. Lakini wewe ni muuzaji, toa inayolingana, usifanye majaribio na mali ya mtu.

Na jambo hili liseme kwa wateja wako: chaja ya laptopu yenye pini ya duara wasiichomeke kwenye ruta ya intaneti kwa sababu tu imeingia. Ruta nyingi ni volti 12. Ukiisukumia volti 19 umeiua.

3. WATI ZIKIPUNGUA INAKUWAJE?

Chukulia wati kama mauzo ya siku dukani. Kwanza yanalipa matumizi: pango, umeme, chakula, kijana wa kazi. Kinachobaki ndio unapeleka benki. Kwenye laptopu, matumizi ni skrini, prosesa, feni na vitu vyote vinavyowaka. Benki ni betri.

Mfano: laptopu inatumia wati 35 mtu akiwa anafanya kazi. Ukimpa chaja ya wati 65, zinabaki 30 za kujaza betri. Ukimpa ya wati 45, zinabaki 10 tu, betri inajaa kwa kujikokota. Akifungua programu nzito, matumizi yakapanda hadi wati 50, sasa mauzo hayatoshi. Laptopu inaenda benki kutoa akiba. Hapo ndio utamsikia mteja anashangaa, "Nimechomeka chaja lakini asilimia zinashuka!" Chaja sio mbovu. Ni ndogo.

Laptopu nyingine zikiona chaja ni ndogo zinajipunguza kasi zenyewe, mteja anaona mashine imekuwa nzito. Nyingine zinakataa kabisa kuchaji betri. Dell zina tabia ya kuleta onyo pale zinapowaka kwamba chaja haitoshi. Na ile chaja ndogo inayofanya kazi kwa nguvu zake zote kutwa nzima inachemka, na kitu kinachochemka kila siku hakidumu.

Kuna kaka mmoja wa steshenari alikuja dukani kwangu kuulizia betri ya Dell. Mashine yake ilikuwa haichaji na ikifungua mafaili mawili inakwama, huku wanafunzi wamepanga foleni wanataka kuprinti fomu. Ameshaambiwa betri imekufa, na hela ya betri ameshaitenga. Nikamuomba nione chaja. Alikuwa nayo mpya, kainunua mtandaoni wiki hiyo, na bahati nzuri ile ya zamani iliyokatika waya bado ilikuwa kwenye begi. Ya zamani: 19.5V, 4.62A. Mpya: 19.5V, 2.31A. Yaani nusu kamili. Nilipochomeka ya wati 90, onyo likaondoka na betri ikaanza kupanda pale pale. Betri haikuwa na tatizo.

Fikiria yule aliyemuuzia. Sidhani kama alikuwa tapeli. Pini iliingia, taa ya chaja iliwaka, akajua biashara imeisha. Na yule kaka hakumpigia hata simu kulalamika, aliamua tu kutorudi. Mteja anayelalamika bado ni wako, unaweza kumrekebishia. Anayenyamaza umeshampoteza na hujui.

4. PINI KUINGIA SIO KUKUBALI

Hili linawapiga wengi. Dell wana pini kubwa ya duara ya milimita 7.4 na ndogo ya milimita 4.5, zote zina sindano katikati. HP nao wana kubwa ya milimita 7.4 na ndogo ya milimita 4.5, ile ambayo ncha yake ni ya bluu. Kwa macho zinafanana, na ya huku inaweza kuingia kule.

Lakini ile sindano ya katikati sio pambo. Inapeleka taarifa kwenye laptopu kwamba "mimi ni chaja ya aina hii". Ukichomeka ya HP kwenye Dell, mara nyingi laptopu itawaka lakini betri haichaji, na kasi inashuka. Kwa hiyo ya Dell mpe wa Dell, ya HP mpe wa HP.

Lenovo wana mtego wao. Ile pini ya mstatili, yenye rangi ya njano ndani, imetumika kwenye chaja za wati 45, 65, 90, 135, 170 hadi 230. Pini ni ileile, wati ziko mbali kama Tanga na Mbeya. Mteja wa laptopu ya gemu akikwambia "nataka ya mstatili", hajakwambia kitu bado.

MacBook za zamani zenye chaja ya sumaku zina wati 45, 60 na 85. Kwa ujumla 45 ni ya MacBook Air, 60 ni ya Pro ya inchi 13 na 85 ni ya Pro ya inchi 15. Sumaku nazo ni za aina mbili, ya kwanza na ile ya pili ambayo ni nyembamba zaidi. Omba picha ya tundu kabla hujasema ndiyo.

5. USB-C: VOLTI ZINAJIPANGA, WATI HAZIJIPANGI

Laptopu mpya nyingi zinachaji kwa USB-C. Raha yake ni kwamba chaja na laptopu zinaongea kwanza. Chaja inasema "nina volti 5, 9, 15 na 20", laptopu inachagua. Lakini hakuna mazungumzo yanayoweza kuongeza wati ambazo chaja haina. Angalia vitu vinne:

Kwanza, tundu la laptopu liwe linapokea chaji. Sio kila tundu la USB-C linachaji, mengine ni ya data tu. Kama laptopu ilikuja na chaja ya pini ya duara, uliza modeli kamili kabla hujauza.

Pili, chaja iwe ya PD na wati zitoshe. Chaja ya simu ya wati 25 inaingia vizuri tu, lakini laptopu inaweza kuikataa au kuchaji kwa shida ikiwa imezimwa.

Tatu, waya. Waya wa kawaida wa USB-C unabeba ampea 3, ambazo kwa volti 20 ni wati 60. Ukitaka zaidi ya hapo lazima uwe waya wa ampea 5 wenye chipu ndani. Mteja akinunua chaja ya wati 100 na kutumia waya wa simu, atakwambia chaja yako ni feki. Muuzie na waya wake.

Nne, chaja zenye matundu mengi. Imeandikwa wati 65, lakini hizo ni za jumla. Akichomeka laptopu na simu kwa pamoja, wati zinagawanywa. Mwambie mapema.

Jua pia upepo unakoelekea. Umoja wa Ulaya umeweka sheria ya USB-C: kwa simu na vifaa vidogo kuanzia 28 Desemba 2024, na kwa laptopu mpya zinazouzwa kule kuanzia 28 Aprili 2026. Laptopu za mtumba kutoka Ulaya zinafika huku, kwa hiyo wateja wa USB-C wataongezeka. Usijaze stoo kwa pini za zamani ambazo wateja wake wanapungua.

6. MESEJI YA KUNAKILI

Kwenye WhatsApp Business kuna sehemu ya majibu ya haraka. Weka hii, ukiulizwa chaja unaituma palepale:

"Asante kwa kututafuta. Ili tukupe chaja sahihi, naomba picha tatu: (1) stika ya chaja yako ya zamani, sehemu iliyoandikwa OUTPUT, (2) ncha ya chaja au tundu la laptopu, karibu kabisa, (3) stika iliyo chini ya laptopu. Kama chaja ya zamani haipo, tuandikie jina kamili la modeli. Je, laptopu unaitumia kwa kazi gani?"

Swali la mwisho linakusaidia. Anayefanya usanifu wa picha, kuhariri video au kucheza gemu ana mashine inayokula zaidi, na chaja yake inaweza kuwa wati 130 au zaidi ya 200.

Angalizo: chaja ya zamani nayo inaweza kuwa sio yake. Laptopu nyingi za mtumba zinauzwa na chaja yoyote iliyokuwa karibu. Kwa hiyo stika ya chini ya laptopu ndio mwamuzi, na nyingi zimeandikwa volti na ampea. Zikipingana na chaja, fuata laptopu. Kwa Dell, mwambie azime, awashe huku anabonyeza F2. Kwenye mipangilio inayofunguka kuna sehemu inayotaja wati za chaja iliyochomekwa. Kwa MacBook, taarifa za mfumo, kipengele cha umeme, zinaonyesha wati za chaja. Hii ni silaha nzuri hata baada ya kuuza: mteja akilalamika, mwombe picha ya hapo kabla hujaita boda.

7. KABLA HUJAFUNGA MZIGO

Zidisha namba za stika mwenyewe. Ukikuta imeandikwa wati 90 kwa maandishi makubwa, halafu chini 19.5V na 3.34A, hiyo ni ya wati 65 iliyovalishwa koti la mwingine. Rudisha ulikoinunua. Ndio maana ukienda Kariakoo kuchukua mzigo, kagua palepale kaunta, usisubiri ufike nyumbani.

Pima kwa multimita kama unayo. Kwa pini zenye sindano, usiguse sindano ukadhani ndio chanya, ile ni ya taarifa. Volti zipo kati ya ukuta wa ndani na ukuta wa nje wa pini. Kuwa makini usigusanishe kuta hizo mbili.

Angalia waya wa ukutani. Chaja za mtumba kutoka Marekani zinakuja na waya wa plagi bapa, na nyingi zimeandikwa 125V. Kwetu ni 230. Mpe mteja waya wa plagi ya pini tatu yenye fyuzi.

Piga video fupi: stika inaonekana, chaja imechomekwa, taa inawaka. Mtumie mteja na wewe baki nayo. Ubishi mwingi unaishia hapo.

8. MTAJI MDOGO, UNUNUE IPI?

Hapa ndipo elimu ya wati inageuka kuwa hela. Kwa kuwa kubwa inahudumia ndogo, huna haja ya kulaza mtaji kwenye kila saizi. Ukiwa na chaja tano za HP pini ya bluu wati 65, unamhudumia mteja wa 65 na wa 45 pia. Ukinunua tano za wati 45, mteja wa 65 unamwangalia akienda kwa jirani. Anza na 65 kwa pini zinazoulizwa zaidi kwako, ongeza 90 chache, na hizi kubwa za wati 130 kwenda juu zichukue kwa oda, mteja akishatanguliza hela.

Na posti yako ibadilike. Badala ya "Chaja za Dell zipo, karibuni", andika "Chaja ya Dell, 19.5V 3.34A, wati 65, pini ndogo, inafaa pia laptopu za wati 45 zenye pini hii." Mteja anayejua namba yake atakupata akitafuta, na asiyejua ataona unaijua kazi yako. Wote wawili watakuuliza maswali machache.

Hifadhi posti hii, na umtumie mwenzako anayeuza vifaa vya kompyuta. Kama una mteja anakusumbua na hujui umpe ipi, weka chini modeli ya laptopu na namba za OUTPUT, tutasaidiana.